Kopla Okidi na Kiti Asichokikalia

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Kabalagala mnatangaziwa kwamba Okidi, kopla mstaafu na mlinzi wa lango la baa, hajaketi tangu Pasaka. Tajiri wake anadhani ni nidhamu ya jeshi. Amemfanya mfano kwa walinzi wengine, nao sasa hawamsalimii.

Ukweli ni kwamba Okidi ana mpasuko sugu wa mkundu. Neno ni la daktari Sabah, alilitamka mlango ukiwa wazi.

Anaishi peke yake mtaa wa Namuwongo, tangu mkewe arudi kwao Gulu. Choo ni cha pamoja, basi husubiri majirani waende kazini ndipo aingie, akiuma kola ya shati asisikike.

Sabah alimweleza vizuri. Dawa ya kupaka hulegeza msuli uliokaza, damu ikakifikia kidonda, kikapona. Haina kisu, ila kichwa huuma, na wengi hurudiwa na ugonjwa. Upasuaji hukata kipande kidogo cha msuli huohuo. Hupona wengi zaidi, ingawa wachache hubaki hawawezi kuzuia upepo.

Okidi alipaka. Kichwa kikamgonga kama ngoma ya harusi asiyoalikwa. Kidonda kikafunga, kisha kikafunguka.

"Sasa tukate," alisema Sabah. "Njoo na mtu wa kukuuguza." Maana wodini kila mgonjwa huja na mtu wake wa kumpikia na kumwogesha.

"Niongezee ya kupaka, daktari."

"Unaogopa kisu, afande?"

"Kisu hapana."

Akapaka tena, ikashindwa tena. Asubuhi moja alivuka barabara hadi dukani kwa Maftah, muuza vitambaa, mzee wa maneno mengi.

"Maftah, unajua kupika uji?"

"Vipi afande, umejifungua?"

"Kuna mtu anapasuliwa. Hana mtu."

"Masikini! Nani huyo?"

Okidi alitazama bodaboda zikipita, moja, nyingine.

"Mimi."

Maftah alifunga duka siku ya operesheni. Nesi alipomuuliza ni nani wa mgonjwa, alinyoosha kofia yake na kujibu bila aibu: "Ndugu yake, tumbo moja." Nesi alimtazama mzee huyo mfupi, akamtazama yule Mwacholi mrefu kitandani, akaandika.

Okidi alipozinduka, Maftah alikuwa anapuliza uji wenye mabonge.

"Afande, mtaa mzima unakuulizia! Nimewaambia shujaa wetu amelazwa. Sasa nikirudi, niwatangazie umeshinda vita gani?"

"Waambie ngiri."