Nne Moja Saba

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku tuliyoanua matanga ya kaka yangu, mjane wake alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema kwamba kuhusu shamba na ng'ombe hana neno, wagawe kwa haki. Lakini pikipiki anaitaka yeye, na anataka ibaki na namba yake.

Ilikuwa pikipiki kuukuu, iliyosajiliwa enzi ambazo pikipiki zilipewa namba za aina moja na magari, zile zinazoanza na T. Tarakimu zake zilikuwa nne, moja, saba. Kwa miaka mingi kaka aliitumia kubeba tangawizi kutoka kwetu mlimani hadi Same, mpaka watu wa barabara ile wakaacha kumwita kwa jina lake. Alikuwa Nne Moja Saba. Mkewe alikuwa Mama Nne Moja Saba, sokoni na kanisani. Siku ya mazishi, mchungaji aliposoma wasifu wa marehemu, ilimbidi aongeze namba hiyo ili waliotoka mbali wajue ni nani anazikwa.

"Huyu mdogo wake anapenda kusoma sheria," mzee mmoja alisema akinielekeza kidole. "Mpeni yeye usimamizi."

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, katika vitabu nilivyonunua kimoja kimoja. Nilikubali usimamizi kama nilivyokuwa nikikubali kila kitu tangu mazishi: chakula, pole, kiti cha kukalia. Sikuwa na huzuni niliyoweza kuionyesha kwa mtu. Nilikula kwa wakati, nikalala kwa wakati.

"Namba itabaki, shemeji," nilimwambia.

Nilikuwa na hakika. Kwa kadiri nilivyosoma, namba hufuata chombo, haimfuati mtu. Mwenye chombo akibadilika, namba haibadiliki.

Shemeji alikuwa amekwisha kupatana na kijana wa bodaboda aiendeshe na kumletea hesabu kila wiki. Bila bima isingeweza kuteremka barabara kuu, na bima haikatwi kwa jina la marehemu. Kwa hiyo kadi ya pikipiki ilipaswa kuandikwa jina la shemeji. Mahakama ya mwanzo iliponithibitisha, tuliteremka Same, mimi na yeye, hadi ofisi ya usajili.

Dirishani alikuwepo binti mwenye miwani.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Tukaitikia. Alisoma karatasi zetu zote, akabonyeza kompyuta, akangoja.

"Jina tunabadili, halina shida. Ila namba hii ni ya zamani. Pikipiki siku hizi zinaanza na MC. Nikibadili jina, mfumo unatoa namba mpya, na kibao cha zamani mnakirudisha hapa."

"Namba hufuata chombo," nilisema.

"Ndiyo, baba. Lakini mfumo haujui hivyo."

Shemeji alisogea dirishani. "Mwanangu, mimi nataka tarakimu tu. Herufi wekeni mnazopenda."

"Mfumo ndio unaochagua, mama."

Niliomba nipewe jibu hilo kwa maandishi. Binti aliinua uso, akatabasamu.

"Baba ni Mpare?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu. Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

"Na kuku anarudi naye nyumbani," nilijibu.

Foleni nzima ikacheka. Shemeji naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Niliona kwamba amecheka. Niliona pia kwamba mimi sikucheka.

Niliandika barua. Nilikwenda Moshi kwenye ofisi kubwa, nikaambiwa nirudi na viambatanisho; nikarudi navyo, nikaambiwa mhusika yuko safarini. Safari ya tatu nilimkuta. Alikuwa mtu wa rika langu. Aliisoma barua yangu mpaka mwisho, akasema imeandikwa vizuri, na kwamba jibu ni lilelile. Kisha akanisindikiza hadi nje, akashusha sauti.

"Mzee mwenzangu, kibao kilichopotea hakirudishwi. Unaapa kwamba kimepotea, unapewa kipya, basi. Kwani nani atakuja kwako kupekua?"

Jioni nilimweleza shemeji, jikoni kwake. Alikuwa akichambua maharage.

"Basi kimepotea," alisema. "Nitakiweka chini ya godoro."

"Kiapo kitaandikwa kwa jina langu."

"Najua."

"Shemeji, hakijapotea. Nakiona kutoka hapa nilipokaa."

"Ni bati!"

"Hata kama ni bati. Siwezi kuapa kitu ambacho hakikutokea."

Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, bila kunitazama, kwamba kaka yangu angekula kiapo hicho kwa ajili yangu. Nilijua ni kweli. Nilimaliza chai yangu, nikaaga.

Tulirudi Same wiki iliyofuata. Fundi wa nje ya ofisi alifungua nati mbili zenye kutu, akanipa kibao. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilikipeleka dirishani, na binti akatikisa kichwa.

"Kikunje kwanza, baba. Kikiwa kizima hatupokei, wezi wanavitumia."

Nilikiweka juu ya goti. Mara ya kwanza kilipinda kidogo kikarudi. Mara ya pili kilikunjika katikati, kwenye ile moja, na rangi ikabanduka. Nilidhani labda sasa kitu kitatokea ndani yangu. Hakikutokea. Binti alikitupa kwenye boksi chini ya meza, pamoja na vingine. Shemeji alikuwa mlangoni, ametupa mgongo. Namba mpya nilimsomea mara mbili. Hakuirudia.

Pikipiki inafanya kazi na kijana analeta hesabu bila kukosa. Sokoni bado wanamwita jina lile, naye huitika. Akikutana nami ananisalimia vizuri. Nyumbani kwake hanikaribishi.

Msimamizi sharti atoe maelezo mbele ya ukoo, nami nilitoa. Pikipiki wazee waliikadiria laki tatu na nusu. Nauli za Same na Moshi, ada, picha, mihuri na kibao kipya nilivilipa kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa sikutaka kugusa mirathi. Jumla vilifika laki nne na elfu kumi na mbili. Mzee mmoja aliuliza kama nataka kurudishiwa. Nilisema hapana.

"Asome tofauti," shemeji alisema kutoka nyuma. "Asome wote wasikie."

Nikasoma. Hasara, shilingi elfu sitini na mbili.