Maua ya Krisi Mezani kwa Bi Hadiya

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilifanya kazi miaka ishirini na miwili katika pakihausi, banda la kufungashia maua, ya shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa supavaiza, na kazi ya supavaiza ni kutoamini. Msichana anakuambia shada lina mashina ishirini, unayahesabu mwenyewe. Ukimwamini, malalamiko yanarudi kutoka ng'ambo yakiwa na jina lako. Kwa hiyo binti yangu Mitchelle aliponiambia kwamba kuna mama huko Nakuru anayefundisha watu desturi za kisiwa cha Sisilia, tena bure, nilianza kumshuku hapo hapo.

Anaitwa Bi Hadiya. Alizaliwa mtaa wa Bondeni, babu yake akiwa ametoka Lamu kufuata kazi ya reli, na hajawahi kuishi kwingine isipokuwa ile miaka saba anayosema alikuwa Sisilia, kisiwa cha Waitaliano katika bahari ya Mediterania, akitunza wazee. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi dirishani kwake. Jumamosi saa nane mchana huwaketisha sebuleni watu wanaojiandaa kwenda huko na kuwafunza jinsi ya kuishi katika nyumba za wenyewe. Hayo niliyapata kwa kuulizia mtaani, kwa fundi viatu, kwa mama mboga na kwa mwenye duka, na wote walimsifu. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Mtu gani huyo asiye na hata jirani mmoja wa kumsema?

Mitchelle alikuwa amepata barua ya kazi ya kumtunza mzee mmoja na mkewe huko Sisilia. Barua ilipitia kwa Bi Hadiya, aliyesema kwamba familia hiyo aliifanyia kazi yeye mwenyewe kabla ya kurudi nyumbani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi. Mitchelle ana mtoto wa miaka mitatu, Nyakio, na mke wangu alishatangulia mbele za haki. Nikikataa kubaki na mtoto, safari imekufa. Alitaka jibu langu kabla ya Jumatatu, siku ya kujaza fomu za safari.

Msione ni ukaidi. Miaka miwili iliyopita msichana wa ploti yetu hapa Karagita, Naivasha, alichukuliwa na ajenti aliyemwahidi kazi ya hoteli ng'ambo. Alirudi na mkono ulioungwa vibaya, na mpaka leo mlango ukigongwa anajificha nyuma ya kitanda. Siku anaondoka, sote tulimpigia makofi pale getini, na mimi nilipiga kuliko wote. Niliapa sitapiga makofi mengine.

Sasa niwaambie nilichopanga. Katika shamba letu tulikuwa na maua ya krisanthemamu, ambayo sisi wa pakihausi tuliyaita krisi tu. Kila mwaka, wiki za mwisho za Oktoba, oda za krisi kwenda Italia ziliongezeka hadi tukawa tunakula tukiwa tumesimama. Nilimuuliza meneja kulikoni, akaniambia kwamba tarehe mbili Novemba Waitaliano huenda makaburini kuwakumbuka marehemu wao, na ua wanalobeba ni hilo. Akasema kule krisi ni ua la wafu, na ukimpelekea mtu aliye hai ni kama umempelekea jeneza. Jambo hilo huku kwetu wanalijua wachache. Nikaona, huo ndio mtego wangu. Maina, niliyemfunza kazi mwenyewe na ambaye bado yuko pale, alinipa krisi nyeupe zilizokataliwa kwa sababu ya mashina kupinda. Nikazifunga kwa gazeti, Jumamosi nikafuatana na Mitchelle hadi Bondeni.

Bi Hadiya alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Karibu, mzee. Wewe ndiye Baba Mitchelle?"

"Ndio mimi. Nimekuja kusikiza tu."

Nilikagua sebule kama nilivyokuwa nikikagua boksi. Ukutani palikuwa na picha ya Kaaba na kalenda ya duka la hadwea. Picha ya Ulaya hakuna hata moja. Nikamuuliza picha za miaka saba ziko wapi. Akasema zilikuwa kwenye simu, na simu iliibiwa sokoni. Nikamtazama Mitchelle. Mitchelle akatazama pembeni.

Wanafunzi walikuwa wawili siku hiyo, Mitchelle na kijana mmoja wa Rongai aitwaye Kipkemoi, aliyekuwa anakwenda kufanya kazi jikoni. Bi Hadiya alifundisha akimenya njegere kwenye sinia. Ukiingia dukani, msalimie mwenye duka kabla hujagusa kitu. Baada ya chakula cha mchana mji unalala, kwa hiyo usisimame chini ya madirisha ya watu ukicheka na simu. Kanisani funika mabega, hata kama umeingia kutazama tu. Mkate usiulaze kichwa chini mezani. Na wakikupakulia mara ya pili, kula.

"Na kama nimeshiba kabisa?" Kipkemoi akauliza.

"Utakula."

"Hiyo ni kama kwa shosho yangu," akasema, na hapo hata mimi nilikaribia kucheka.

Kisha Bi Hadiya akasema kofia haiwekwi kitandani. Nikadakia, kwa nini? Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye njegere kwamba zamani padri na daktari walipokuja kumwona mtu anayekata roho, waliweka kofia zao kitandani, na tangu hapo kofia kitandani ni kuita kifo. Jibu lilikuwa jepesi mno. Nikamnong'oneza Mitchelle, "Hayo yote yako kwa simu. Hata mimi naweza kuyasoma."

"Dad, please. Usinianike hapa."

Chai ilipoletwa, nikaona wakati umefika. Nikasimama, nikafungua gazeti.

"Nimekuletea kitu kidogo kutoka Naivasha."

Bi Hadiya alifuta mikono kwa leso, akayapokea maua yale kwa mikono miwili. Akayanusa. "Ahsante sana, mzee. Ni mazuri kwelikweli." Akatafuta jagi, akatia maji, akayaweka katikati ya meza, palepale kati ya vikombe na sahani ya mahamri. Nilikuwa nimeukazia macho uso wake. Haukubadilika hata kidogo. Nikafurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri, ilikuwa ile ya kumkamata mtu.

"Mitchelle, chukua mkoba. Twende nyumbani."

"Kwani nini tena?"

"Huyu mama hajawahi kukanyaga Sisilia." Nikawaeleza yote, oda za Oktoba, makaburi, maneno ya meneja. "Mtu aliyekaa huko miaka saba hawezi kuweka maua ya maiti kati ya vikombe vya chai. Na kama hajafika huko, hiyo barua imetoka wapi? Nani anakungoja airport?"

Mitchelle aliganda na kikombe mkononi. Kipkemoi alikuwa anamtazama Bi Hadiya sasa, na macho yake yalikuwa yameshabadilika. Nilijua nimeshinda.

"Kaa chini, mzee," Bi Hadiya akasema. "Nilijua ni krisi hujamaliza hata kufungua gazeti."

"Na mbona ukayaweka mezani?"

"Kwa sababu umeniletea."

Akaisogeza ile sinia ya njegere kando. Alisema nyumba yake ya kwanza kule ilikuwa ya bibi kizee aliyeitwa Agata, aliyekuwa hatoki kitandani. Alifika Oktoba. Hakujua lugha, hakujua mtu, na wiki ya pili binti wa nyumba alimtuma sokoni. Soko lilikuwa limejaa maua meupe. Alipoinama kuyatazama, akaona kwenye karatasi ya nailoni pameandikwa Kenya.

"Mzee, mimi nililia pale sokoni. Niliona kama nimekutana na mtu wa kwetu. Nikanunua, nikampelekea nyanya, nikaweka kwa kimeza karibu na kichwa chake. Nikamwonyesha hiyo karatasi, Kenya, Kenya, kwetu. Nilikuwa nimefurahi."

Bibi Agata aliyatazama tu maua. Binti yake alipoingia, alipiga ishara ya msalaba, akayashika maua kwa ncha za vidole na kuyatupa dirishani. Siku ya tisa bibi akafa.

"Hakuna aliyesema nimemuua," Bi Hadiya akasema. "Lakini walifungua mkoba wangu. Wakanusa vikombe. Wakahesabu vidonge vyake mara mbili. Na walikuwa wakinitazama vile umenitazama tangu uingie kwa huo mlango."

Nilitazama mikono yangu.

Akaendelea polepole. Walimtoa nyumbani siku hiyo hiyo. Saa ya mazishi aliisoma kwenye tangazo lililobandikwa ukutani barabarani, maana kule ndivyo wanavyotangaza msiba. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka jeneza likatoka kanisani. Hakuthubutu kufuata makaburini, na wala hakuwa na ua. Baadaye alipata nyumba nyingine kwa watu wema, na hao ndio waliomwandikia barua Mitchelle.

"Mtu mmoja tu angeyapokea yale maua kwa mikono miwili, halafu aniambie baadaye kwamba huku hatufanyi hivi. Hiyo tu. Kwa hivyo nafundisha hawa watoto yasiwapate. Na mtu akiniletea kitu, napokea kwanza. Hata kama najua amekuja kunitega."

Niliona aibu ambayo sikumbuki kuiona tangu nikiwa kijana. Nilikuwa nimekuja kumkagua nikidhani namkinga binti yangu, na kumbe nilikuwa nimebeba kwa gazeti kidonda cha mtu nikakiweka mezani kwake, mbele ya chai aliyonipikia. Nikamwambia, "Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani ya mahamri. Nikachukua, nikala.

"Nyakio atakaa na mimi," nikamwambia Mitchelle. "Jaza hizo fomu Jumatatu."

Mitchelle alinishika mkono chini ya meza, jambo ambalo hajafanya tangu tulipomzika mama yake.

Tulipotaka kuondoka, nilinyoosha mkono niyatoe yale maua, nikayatupe mbali na nyumba ile. Bi Hadiya akanizuia.

"Yaache. Hayo ni ya nyanya Agata. Nimechelewa kumpelekea miaka kumi na mmoja, lakini naona yamefika."

Hapo ndipo nilipoyaona kwa jicho la kazi. Yalikuwa yamewekwa vibaya, majani yamezama ndani ya maji, mashina hayajakatwa upya. Hivyo yangeoza kabla ya Jumatano. Nikaomba kisu na beseni la maji. Nikaketi tena, nikakata kila shina mshazari likiwa ndani ya maji, nikapukuta majani ya chini, nikayarudisha kwenye jagi moja moja, kama nilivyowafunza wasichana wa pakihausi kwa miaka kumi na minne.

"Sasa yatakaa wiki tatu," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaniamini papo hapo, akalibeba jagi kulipeleka dirishani. Mitchelle aliniuliza njiani yalikuwa mashina mangapi. Sikuwa nimeyahesabu.