Miaka Yangu Chini ya Magari ya Mabingwa

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa ovaroli ya kaka yangu, nimeikunja mikono na miguu mpaka nikashindwa kutembea vizuri. Karakana ilikuwa Embu mjini, nyuma ya maduka ya mbao. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, na nyumbani kwetu Kianjokoma mama alikuwa amewaambia wenzake kanisani kwamba binti yake amepata kazi ya ofisi. Hakuwa anadanganya. Hakuweza tu kuamini kwamba mtu anaweza kumwajiri msichana alale chini ya gari.

Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi kutoka upande wa Mbeere, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea ndani ya hospitali. Aliniangalia, akaiangalia ovaroli, hakucheka.

"Wewe ndio Wanja?"

"Ndio, mzee."

"Na umeambiwa hapa tunatengeneza magari gani?"

"Nimeambiwa ya mashindano."

"Hapo umeambiwa nusu. Hapa tunatengeneza magari ambayo itavunjika. Hiyo lazima. Kazi yetu ni ivunjike baada ya kumaliza, si kabla. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Ilinichukua miaka kuelewa kweli.

Alinipa upande wa chini wa gari: springi, shokapu, na ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Vijana wanaosoma haya wengi wanapenda injini, kwa sababu injini inapiga kelele na watu wanageuka. Lakini katika mbio za barabara za udongo, gari linaishi au linakufa kwa vitu vya chini. Shokapu ndicho chuma kama bomba, chenye mafuta ndani, kinachozuia springi isirushe gari ovyo baada ya kila shimo. Kikiwa kigumu sana, gari linaruka kama mbuzi. Kikiwa laini sana, tumbo la gari linakwaruza mawe. Kati ya hapo na hapo kuna mahali pazuri, na kila barabara ina pake. Nilitumia ujana wangu kupatafuta.

Miaka mingi tulihudumia madereva wa hapa nyumbani, watu wenye mashamba na maduka ambao wikendi walivaa kofia ngumu. Kisha timu moja ya kutoka ng'ambo, iliyokuwa inashindania ubingwa wa dunia, ikaanza kuja Kenya kila msimu, ikatafuta mafundi wanaojua udongo wetu. Fundi Mkuu alikuwa karibu kustaafu. Akapeleka jina langu.

"Mzee, Kizungu changu ni cha karakana," nilimwambia.

"Na wao gari yao ni ya karakana. Mtaelewana."

Meneja wa Timu alikuwa mama mwembamba aliyebandika miwani juu ya kichwa na kuitafuta siku nzima. Alinipa gurudumu la nyuma la kulia. Hilo tu. Kwenye timu kubwa kila fundi ana kona yake, na hiyo kona anaijua kama jikoni kwake. Dereva wao alikuwa ameshachukua ubingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Sisi mafundi wa hapa tulimwita Bingwa, naye akazoea, akawa anaitika.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kumwona. Nilidhani nitaona mtu wa misuli, mwenye macho ya tai. Akaja mtu wa kawaida, anayepiga chafya kwa sababu ya vumbi, anayeuliza chai iko wapi. Nikaanza kujiuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo: huyu ana nini? Gari lake na la mwenzake kwenye timu yalikuwa sawa, tuliyaunda meza moja. Barabara ni ileile. Lakini mwenzake alifika akiwa nyuma yake, kila mara. Kitu gani hicho ambacho hakionekani?

Siku moja tulikuwa tunafanya majaribio Mitunguu, kwenye barabara ya udongo inayopita katikati ya mashamba ya migomba. Tulikuwa tumebadilisha shokapu za nyuma na Bingwa alisema bado gari linamnong'oneza kitu. Meneja akanigeukia.

"Wanja, panda. Kaa kwenye kiti cha msomaji. Ukasikie mwenyewe."

Msomaji ndiye yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea barabara: kona ya kushoto, kali, usikate ndani, kuna jiwe. Siku hiyo msomaji alipumzika, nikafungwa mikanda mahali pake.

Sijui niwaelezeeje. Barabara niliyoijua tangu asubuhi ilipotea. Niliona tu rangi ya kijani na rangi nyekundu zikipita. Nilishika kitu, sijui kilikuwa nini. Na katikati ya hayo nikasikia sauti ya Bingwa kwenye vifaa vya masikioni, tulivu kabisa, kama mtu aliye sebuleni.

"Wanja, hizi ndizi, maji yake yanatoka mto gani?"

Akaendelea.

"Asubuhi mzee mwenye shamba hili alikuwa ananyunyizia upande huu. Sasa amehamisha mpira wa maji. Kona inayokuja itakuwa imelowa."

Akapunguza mwendo kidogo kabla sijaona kona yoyote. Tukaingia, na kweli udongo ulikuwa mweusi kwa maji. Gari likateleza taratibu, likajishika, tukaenda. Ule mpira wa kunyunyizia maji nilikuwa nimeupita mara kadhaa siku hiyo nikienda na kurudi. Sikuwa nimeuona. Yeye aliuona akiwa kwenye mwendo ambao mimi sikuweza kuona hata mikono yangu.

Tuliposimama akaniuliza, "Umesikia ule mnong'ono?"

"Hapana," nikasema. "Nimesikia moyo wangu tu."

Alicheka mpaka akalazimika kuvua kofia. Kisha tukalala chini ya gari pamoja, yeye na mimi, na tukaupata: kijipira cha kushikia shokapu kilikuwa kinaanza kulegea.

Msimu huo mashindano yenyewe yalipita upande wetu, kutoka nyanda za chini za Mbeere hadi Mitunguu, na uwanja wa matengenezo ukawa nje kidogo ya mji wa Embu. Bingwa alikuwa anaongoza. Alikuwa na mpinzani mmoja tu karibu naye katika hesabu ya ubingwa, na kila mtu alijua kwamba akishinda Kenya, njia ya kuchukua taji itakuwa nyeupe. Siku ya mwisho mvua ikanyesha. Si mvua ya kawaida. Udongo wa kule chini ukawa kama uji.

Nataka muelewe sheria moja. Gari likiwa nje ya uwanja wa matengenezo, fundi haruhusiwi kuligusa. Dereva na msomaji wake wanalitengeneza wenyewe, kwa vifaa vilivyomo garini tu. Sisi tunaweza kuzungumza nao kwa simu, basi.

Simu ililia mchana. Meneja alisikiliza, akanipa.

"Ni kona yako," akasema.

Ilikuwa sauti ya Bingwa. Waligonga jiwe lililofichwa na tope. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limelala upande.

"Mkono wa chini," nikasema. "Umekatika au umepinda?"

"Umekatika. Karibu na mwisho."

Nikafumba macho. Nilitaka kuiona ile kona jinsi ninavyoiona mikono yangu ikifanya kazi. Nikamwambia achukue mkanda wa kukazia, ule ambao watu wa malori hufungia mizigo, aupitishe nyuma ya chuma kilichokatika, auzungushe kwenye mwili wa gari, akaze. Kisha achukue mpini wa jeki auweke sambamba na mkono kama mbao za kufungia mguu uliovunjika.

"Nimeshika," alisema. Nilimsikia akihema. Nilisikia mvua. Nilimsikia msomaji akitukana kwa lugha yao. "Halafu?"

"Kaza tena. Ukidhani umekaza, kaza tena."

"Wanja, itashika?"

Mafundi na Meneja walinisogelea, hata mpishi wetu akaja na sufuria mkononi.

"Sijui," nikasema. "Ukienda polepole kwenye mawe, inaweza."

"Sawa. Hiyo inatosha."

Gari likaondoka. Tuliifuata ile alama yake ndogo kwenye kioo cha kompyuta kama watu wanaomwangalia mgonjwa akipumua. Alimaliza kipande cha kwanza kati ya viwili vilivyobaki. Akaanza cha mwisho, bado akiwa mbele, kwa sababu wengine nao walikuwa wanapambana na tope. Watu wetu walianza kushikana mabega. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma nje ya kamba ya uwanja aliuliza, "Ameshinda?" Mtu akamjibu, "Bado, mama. Ngoja."

Alama ikasimama. Ikakaa pale. Haikusogea tena.

Mpinzani wake alishinda siku hiyo. Bingwa na msomaji wake walirudi wakiwa wamebebwa kwenye gari la waandalizi, wamejaa tope hadi kwenye nyusi. Nilijificha nyuma ya rafu ya matairi. Sikuwa nimekosea, na kila mtu alisema hivyo, lakini kona ilikuwa yangu na ushauri ulikuwa wangu, na moyo haupimi mambo kwa haki. Nilikuwa najiuliza nitamwangaliaje.

Nikasikia akiuliza, "Wanja yuko wapi?"

Nikatoka. Alikuwa ameshika ule mkanda, umekatika katikati. Nilidhani atanitupia. Akanionyesha.

"Angalia hapa. Umekatwaje?"

Niliangalia. Kwa kweli sikutaka kuangalia, lakini macho ya fundi hayakatai. Ncha zake hazikuwa zimechanika ovyo kama kitu kilichovutwa. Zilikuwa zimekatwa safi, kama kwa kisu.

"Chuma kilichovunjika," nikasema. "Ile ncha yake kali ilikuwa inausugua."

"Kwa hiyo mkanda ulikuwa na nguvu za kutosha?"

"Ulikuwa nazo. Ulikosa kitu cha kuuzuia usiguse chuma."

Akakaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa, bingwa wa dunia, mtu aliyepoteza mashindano muda mfupi uliopita, akawa anaugeuza mkanda mikononi kama anayechungua mdudu asiyemjua. Watu wa habari walikuwa wanamngoja. Meneja alimwita mara mbili. Alisema, "Dakika moja," akaniuliza, "Kitu gani kingezuia? Kitambaa?"

"Kitambaa kitakatika. Tyubu. Tyubu kuukuu ya lori."

"Ipo wapi tyubu?"

"Embu hii? Kila mahali."

Kesho yake, kabla ya kufunga mizigo, nilienda kwa fundi wa matairi mtaani Majimbo, karibu na nilipokuwa napanga chumba, nikakata kipande kizuri cha tyubu. Kikawekwa garini, chini ya kiti cha msomaji. Meneja alikipima uzito akaguna, lakini Bingwa alikataa kitolewe.

Katika nchi nyingine, kuelekea mwisho wa msimu huo, mkono ukakatika tena, safari hiyo wa mbele. Sikuwa kule. Nilikuwa mbele ya televisheni, nikamwona amelala kando ya barabara yenye vumbi, mikono yake ikifanya kile ambacho tulikizungumza kwa simu, na kati ya chuma na mkanda niliona kitu cheusi. Alimaliza wa pili. Pointi hizo ndizo zilizomwacha mbele ya mpinzani wake msimu ulipokwisha, kwa tofauti ndogo sana. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea, aliuliza kwa nini nimesimama juu ya kiti.

"Tumechukua ubingwa, mama."

"Ninyi nani?"

"Sisi. Ofisi yetu."

Nilibaki na timu hiyo hadi mgongo ulipokataa kulala kwenye simenti. Mwaka niliostaafu, Bingwa naye alikuwa anaendesha msimu wake wa mwisho, nywele zimeanza kumwacha. Tulikunywa chai nyuma ya hema, nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Nimekuangalia miaka yote hii," nikamwambia. "Gari lako ninalijua, barabara ninaijua. Wewe ndiye nisiyekujua. Wenzako wanakosa nini?"

Aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kujibu ili tu amalize.

"Watu wanadhani siogopi," akasema. "Naogopa sana. Lakini naogopa mapema. Kona ikiwa bado mbali, mimi nimeshaiogopa. Nikiifikia, nimeshamaliza."

"Na hiyo mtu anajifunzaje?"

"Sijui, Wanja. Kama ningejua ningemfundisha mwanangu."

Sasa nipo Kianjokoma, nina shamba la chai na pikapu ndogo. Mafundi vijana huja kunisalimia na kuniuliza kati ya mabingwa niliowaona ni nani alikuwa na mbio kuliko wote. Huwa nawaambia habari ya shokapu, na ya mkanda, na wanasikiliza kwa adabu, lakini najua wanataka jina. Wakishaondoka, mimi huingia kwenye pikapu nikateremka kuelekea mjini. Kuna kona moja hapo chini, kali, yenye mtaro upande wa kushoto. Ninapoiona kwa mbali najaribu kuiogopa mapema, yote, niimalize. Nimejaribu sana. Mpaka leo nikiifikia ninakuta bado woga upo, umekaa pale unaningoja, nami napita nikiwa nimekanyaga breki huku nacheka peke yangu, nikijiuliza yule mtu aliwezaje.