Viatu Viwili vya Mguu wa Kushoto

Wewe cheka tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, akili zangu zote zikiwa kichwani na pombe sijaonja.

Dada yangu Mwende alikuwa anaolewa Jumamosi, kanisani kwetu Masinga. Mama alikuwa hajawahi kuvaa kiatu kipya maishani. Vyote vilikuwa mitumba, vimeshashika umbo la miguu ya watu wengine. Nikamwahidi kwamba siku hiyo ataingia kanisani na viatu ambavyo yeye ndiye wa kwanza kuvivaa. Nikaenda saiba, kile chumba cha kulipia intaneti, Machakos mjini, nikachagua vya kahawia kwenye duka moja kubwa la mtandaoni, la ng'ambo. Binamu yangu akalipa kwa kadi yake. Kwenye picha vilipendeza, ungedhani vinatabasamu.

Vikafika posta. Kufungua boksi, vyote viwili ni vya mguu wa kushoto!

Nikawaandikia. Wakajibu kwamba mimi ni mteja wao wa thamani. Nikaandika tena. Wakasema vitu vya ofa havirudishwi, ila walionunua viatu hivi walipenda pia soksi hizi. Soksi! Ijumaa nikabeba boksi hadi saiba, nikawabembeleza mara ya mwisho. Wakanitangazia soksi tena. Nikarudi jua likizama, nikifuata njia ya kando ya bwawa huku nalia kidogo, niamini, mtu mzima mimi.

Mama mmoja nisiyemjua alikuwa ameketi kwenye jiwe.

"Wakya?" akanisalimu Kikamba.

"Aa," nikaitikia.

"Umebeba nini na uso wa matanga hivyo?"

Nikamweleza yote, hata soksi. Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akainua kidogo leso aliyojifunga kiunoni. "Usikimbie, mwanangu. Hebu nijaribu kimoja."

Unajua sisi tukikutana na mgeni jioni tunaangalia miguu, isije ikawa kwato. Nikaangalia. Kwato hakuna. Lakini vidole gumba vyote viwili vilikuwa upande mmoja. Miguu miwili ya kushoto! Mmoja umevaa kiatu cheusi, mwingine uko peku.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nikarudi hatua moja nyuma. Ila nikaona anavyouficha ule mguu peku nyuma ya mwenzake, kama msichana aliyechekwa sana, na huruma ikaishinda hofu. Nikainama nikamvika. Kikamkaa sawasawa.

"Wenye maduka hunilazimisha kununua vyote viwili," akanong'ona, "na cha kulia niko nacho cha kazi gani?" Akatoa kwenye kiondo kiatu cheusi cha kulia, kipya kabisa. "Mpelekee mamako. Hakijavaliwa na mtu."

Nilipoinua macho, jiwe lilikuwa tupu.

Mama aliingia kanisani na kimoja cha kahawia, kingine cheusi.

"Wewe, ulivalia gizani?" shangazi akamtania.

"Vyote vipya, na mimi ndiye wa kwanza!" Mama akainua gauni ili kila mtu aone, akacheza hadi jioni.

Kile cha duka kiliachia soli kabla ya mvua. Cheusi hakina hata mkunjo mpaka leo. Asubuhi nyingine Mama hukikuta kina joto, kama mtu amekivua sasa hivi; ni nani, hatujui, maana yule mgeni mguu wa kulia hana. Haogopi. Hukipangusa vumbi na kukirudisha taratibu.

Kwa hivyo wewe unayebonyeza picha tamu za mtandao, jihadhari: walio upande ule hawakujui na machozi yako hawayaoni. Na ukikutana na mgeni jioni kando ya maji, angalia miguu, sawa. Lakini ukiona utakachoona, tafadhali usicheke. Labda anatafuta kiatu kimoja tu.