Nguzo Alizozitaka Baba

Kule Nairobi kazi yangu ni kuchora maghorofa ya mbao. Vipande hupakwa gundi na kushindiliwa pamoja hadi viwe nguzo na sakafu za kubeba orofa kumi. Nikieleza hayo nyumbani, karibu na Itumbe, watu hunitazama kwa huruma. Kwetu mkaratusi ni wa kushikilia slabu hadi saruji ikauke, kisha nguzo hung'olewa na kupelekwa kwa jirani mwingine anayejenga.

Basi nikajenga nyumba yangu ya mbao, ya orofa tatu, katika boma la baba, kwa mikaratusi aliyoipanda mwenyewe. Nilitaka yeye tu aiamini. Lakini mila yetu ya heshima, chinsoni, haimruhusu baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tulipohamia likizo ya Desemba, mama alipanda hadi juu, akashuka akicheka. Baba alizunguka nje na fimbo yake kila siku. Nilikosa raha. Nilikagua viungo, nikachungulia mawingu, nikapanda na kushuka ngazi bila sababu, hadi mke wangu akaniambia nitulie kama watu wengine.

Asubuhi moja, nikiwa orofa ya juu, nikasikia shoka. Niliteremka roho mkononi. Baba alikuwa ameshaitia nguzo ya kona pigo moja.

"Tata, unafanya nini?"

"Si slabu yako imekauka? Jirani anamwaga slabu Jumatatu. Nimemuahidi hizi nguzo."

"Hizi hazitoki. Ndizo nyumba yenyewe."

"Na saruji iko wapi?"

"Hakuna saruji!"

Nilimfokea baba yangu, na haya ikanishika papo hapo. Kumbe miezi yote ile ya ujenzi alikuwa akisubiri nguzo zing'olewe.

Alitazama juu, orofa moja baada ya nyingine.

"Na umeweka watoto humo."

"Ndiyo, Tata."

Alipapasa jeraha la shoka kwa kidole gumba. Lilikuwa jembamba, mti ulikuwa umelikataa shoka. Akaondoka.

Alasiri mvua yetu ya kila siku ikaanza, naye alikuwa akipita uani. Nilidhani atakimbilia kwake. Alivuta kigoda chini ya ukingo wa paa langu, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye nguzo ileile. Mimi nikaketi ndani, upande wa pili wa ukuta, na siku hiyo sikuinuka tena kwenda kukagua chochote.