Mkungu Uliofunga Mkanda

Kaka yangu mkubwa alilibandika gari langu jina la friji siku ya kwanza tu nilipoingia nalo kibanjani kwa mama, kwenye shamba lake la migomba, Muleba. Ni gari la haibridi. Likienda taratibu hutumia betri kubwa iliyo chini ya siti ya nyuma, na injini hunyamaza. Kwa kaka, gari lisilonguruma si gari. Mimi nafundisha fizikia sekondari mjini Bukoba, naishi Kitendaguro, na nilimjibu kwamba ng'ombe anayelia sana siye anayetoa maziwa mengi.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alifika mahali pa kumenya ndizi kwa kupapasa. Ilinichukua mwaka mzima kumshawishi akubali upasuaji, jicho moja kwanza, na alikubali kwa sharti kwamba nimpeleke mwenyewe. Nilijua akirudi nyumbani mara moja bila kutibiwa, kumtoa tena itakuwa vita.

Asubuhi ya safari alinikatisha mikungu miwili ya ndizi, mmoja wa daktari, mmoja wa wauguzi. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama mtu huyo anakusubiri na wembe. Tukailaza kwenye siti ya nyuma, tukaifunika kwa majani makavu ya mgomba isichubuke, kama nilivyofanya kila nilipotoka kwake.

Feni ya betri ilianza kulia kabla ya Kemondo. Kwenye mlima unaofuata, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na nguvu ikakatika ghafla. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho; gari likajikokota hadi pembeni, likazima.

Mama akauliza, "Tumefika?"

Nani alimpigia kaka simu, sijui mpaka leo. Alikuwa Kemondo kwa shughuli zake. Alikuja na pikapu, akampakia mama, akageuza kurudi Muleba. Bukoba ilikuwa karibu kuliko nyumbani! Nilisimama barabarani nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Mungu hakutaka," mama aliniambia jioni kwenye simu. Nyuma yake nilimsikia kaka: "Mama haingii tena kwenye friji."

Gari lilivutwa hadi mjini. Fundi akachomeka mashine yake ya kupimia, akatikisa kichwa, akasema betri kubwa imekufa. Nitafute nyingine au niliuze vipande vipande. Nikakataa. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira yangu ilikuwa na swali. Kwa nini gari hili hupanda milima yote nikienda kwa mama, halafu hulalamika nikirudi tu?

Nikaazima bisibisi, nikafungua kile kidirisha chenye matundu kilicho ubavuni mwa siti ya nyuma, ambapo betri huvuta hewa ya kuipoza. Ndani, feni ilikuwa imesongwa na vipande vya majani makavu, nyuzi za mgomba na maganda ya kahawa, mabaki ya miaka miwili ya zawadi za mama. Na siku ile mikungu ilikuwa imeziba kidirisha chote. Kikulacho ki nguoni mwako. Betri haikuwa imekufa. Ilizidiwa na joto kwa sababu mimi, mwalimu wa fizikia, niliinyima hewa. Niliona aibu, kisha nikachukua brashi.

Fundi alifuta kosa la gari kwa mashine yake, safari hii bila kutikisa kichwa. Wiki nzima nilipanda na kushuka milima na gari halikunung'unika. Nikaomba hospitali siku nyingine, nikaenda Muleba.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Lilizima mara moja, litazima tena," alisema.

"Mimi ndiye niliyeliziba, na nimelizibua. Nipishe, kaka."

Hakunipisha. Mama akatokea nyuma yake akipapasa ukuta. Nikamweleza ukweli wote, kwamba mikungu yake ndiyo iliyolinyima gari pumzi. Akanuna.

"Mwana wange, gari gani linakataa ebitoke?"

"Halikatai ndizi, mama. Linataka kupumua."

Niliogopa, neno moja lingetosha kumfanya arudi kitandani na giza lake.

"Basi mimi nitakaa nyuma nililinde," alisema. "Ebitoke vikae mbele." Na akamsukuma kaka kwa kiwiko.

Hivyo mkungu wa daktari ulikaa siti ya mbele, umefungwa mkanda, na ule wa wauguzi ukawa sakafuni, mbele ya siti hiyo. Mama alikaa nyuma, kiganja chake karibu na kidirisha ahisi hewa ikivutwa. Tulipoanza kupanda ule mlima, nilizima redio nisikilize feni.

"Linavuta," alisema mama. Kona ya kwanza. "Linavuta." Kona ya pili. "Kanyaga, mwana wange, linavuta!"

Tulipopita pale gari lilipozima nilipiga honi ndefu, ingawa hapakuwa na mtu.

Kesho yake, baada ya upasuaji, walimfungua bandeji. Alinitazama kwa muda.

"Una mvi," alisema.

Nje alilizunguka gari lote, mkono ukiwa kwenye bodi. "Kumbe ni jekundu! Kaka yako aliposema friji, nilijua ni jeupe." Akaniamuru nimpigie kaka, akachukua simu. Sikusikia kaka alisema nini. Nilisikia jibu la mama.

"Jicho la pili ni mwezi ujao. Mimi nitakaa nyuma. Na mkungu wa daktari utaukata wewe."