Fungu la Mgeni

Siku aliyorudi hospitalini, Renae Torvik alitembezwa wodini na muuguzi binti aliyekuwa bado shuleni wakati yeye anaacha kazi pale. Binti alimwonyesha hata choo.

"Na hapa ndipo tunapoweka shuka safi."

"Asante," Renae alisema. Rafu ile aliipigania mwenyewe enzi za ajira yake.

Sasa alikuwa muuguzi wa mkataba, wa wale wanaoletwa na wakala kuziba pengo msimu wa baridi, wanalipwa zaidi kuliko wenyeji, kisha wanafungasha. Alishazunguka hivyo Texas na New Jersey, na fungu la mgeni analijua: wagonjwa wasumbufu, wale waliowachosha wenyeji. Lakini hapa, katika mji wake mdogo wa Minnesota, kila asubuhi ubao wa kugawia wagonjwa ulimpa wale wepesi: bibi wa goti jipya, mwalimu anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Msimamizi wa zamu alikuwa Marlys Engebret, shoga yake wa zamani. Zamani Marlys alimtania mpaka machozi. Sasa ilikuwa "tafadhali" na "asante sana" kutwa. Katika chumba cha mapumziko, Renae alimiminiwa kahawa kabla hajaketi, akawa wa kwanza kukatiwa keki.

Watu wa kwao aliwajua vizuri: hawagombi. Wakikukasirikia, wanakuongezea adabu. Ila hata mgeni wanamheshimu vivyo hivyo. Hii ya Marlys ilikuwa ipi, ya hasira au ya mgeni? Ilimbidi ajue, kwani hakuufuata mkataba tu. Alitaka kuomba kazi yake ya zamani, na kama Marlys hamtaki, asingeomba.

Akaanza uchokozi, aone kama Marlys atamtania kama zamani. Alikiosha kikombe cha Marlys, akakificha nyuma ya sukari. Marlys alikitafuta, akakiona.

"Asante kwa kukiosha," akasema.

Kesho yake Renae alimfuata ubaoni.

"Marlys, mbona hunipi Halvorson?"

Halvorson alikuwa mkulima mzee aliyevunjika nyonga. Jana yake alimrushia yule binti wa watu sinia la chakula.

"Una shida gani na Halvorson? Wewe mgeni wetu, pumzika."

"Mgeni wa nani? Mwanangu nilimzalia ghorofa ya chini hapo."

Marlys aligeukia dirisha, akaitazama theluji. "Huko New Jersey ndiko walikokufundisha kuuliza watu hivi?"

"Ndiko. Na huko wanajibu."

"Haya, jibu hili. Uliondoka katikati ya baridi, ukaniachia keki na kadi. Nikabaki nafundisha watoto, wakishaiva nao wanaondoka kama wewe. Nikikupa Halvorson ukamweza, nitakuzoea tena. Halafu Machi ufungashe, nibaki mimi na ubao wangu."

"Na nisipofungasha?"

"Usinichezee, Renae."

"Nataka kuajiriwa. Nilitaka kukuuliza wewe kabla ya wakubwa."

Marlys aliifunika kalamu yake, akaifunua tena. "Mshahara ni ule ule mbovu."

"Najua."

"Na bado nina hasira na wewe."

"Hilo nimeshaliona. Umeniua kwa adabu."

Marlys karibu acheke, akajizuia. Alilifuta jina la binti mbele ya chumba cha Halvorson, akaandika la Renae kwa herufi kubwa kuliko za wenzake.

"Mkate wake uuchome mpaka uwe mweusi, la sivyo utaupata usoni. Muite mzee Halvorson, usimwite mpenzi kama unavyoita kila mtu. Na hizo nywele, we mama, zifunge. Umekaa kama umelala garini."

"Nimelala garini nini! Ni upepo."

"Upepo gani, ndani ya jengo? Nenda, chai yake inapoa."

Renae alizifunga nywele huku akitembea. Mlango wa Halvorson ulikuwa wazi, na mzee alishaanza kufoka.